Paja Zima, Mlaji Mmoja

Anayeishi peke yake kijijini hununua nyama kwa robo. Anafika buchani, anataja robo kilo, mchinjaji anachukua kipande huku na kipande kule, anapiga shoka juu ya gogo, anapima, anafunga, basi. Jioni ile robo inaingia sufuriani na kitunguu kimoja na nyanya mbili. Mkaa haujakolea, njaa inauma, kwa hiyo nyama inaepuliwa ingali ngumu na kuliwa hivyo hivyo. Kesho yake mtu anarudi kwenye dagaa na maharage, na hamu ya nyama iko palepale.

Mimi nasema huyo ndiye hasa anayepaswa kununua kipande kikubwa: mguu mzima wa mbuzi, au kilo mbili na nusu za ng'ombe kutoka mguuni, pamoja na mfupa wake, bila kukatwakatwa. Familia ya watu wanane inaweza kukimaliza kwa mlo mmoja na kuosha vyombo. Anayekula peke yake anaweza kukipika mara moja, kisha kila siku akala chakula kisichofanana na cha jana.

Haya nayasema nikiwa na Nyakitonto akilini, kata ya Wilaya ya Kasulu, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, upande ambao barabara kutoka mjini Kasulu inaelekea Kibondo. Ni Buha, nchi ya Waha: migomba, mashamba ya maharage na mihogo, ugali wa muhogo mezani na mawese kwenye chupa jikoni. Majungu ya huku ni makubwa kwa sababu kaya ni kubwa. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3, na yeyote aliyelala kwenye nyumba za Buha anajua kwamba wastani huo ni wa nchi nzima, si wa huku.

Lakini katikati ya kaya hizo wapo wanaopika chakula cha mtu mmoja. Yupo mwalimu aliyepangiwa kazi huku na familia yake imebaki Mwanza au Mbeya. Yupo muuguzi wa zahanati, yupo ofisa ugani, yupo askari. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na baadaye kupokea Warundi wengi kuanzia 2015, iko wilaya hii hii, na imeleta wafanyakazi wengi wanaoishi chumba kimoja na jiko moja. Wapo pia wazee, hasa wajane, ambao watoto wao wako Dar es Salaam na wajukuu wamerudi shuleni. Hao wazee nawahurumia kuliko wote, maana wengi wamezoea kusema hakuna haja ya kupika vizuri kwa ajili ya mdomo mmoja. Haja ipo. Mwili wa mzee unadai protini kuliko tunavyodhani, na chakula kizuri ni heshima ambayo mtu anaweza kujipa mwenyewe.

Nyama yenyewe haipatikani kila siku. Vijijini ng'ombe huchinjwa siku ya gulio au panapokuwa na shughuli, na ukichelewa unakuta mifupa na kwato. Katika historia ya Buha ng'ombe alikuwa mali na mkataba kabla ya kuwa kitoweo: aliyekabidhiwa ng'ombe kwa utaratibu wa ubugabire alifungwa kwa utii na huduma kwa aliyemkabidhi, na mnyama wa namna hiyo hachinjwi ovyo. Hata leo, nchi yetu ikiwa na ng'ombe zaidi ya milioni 30, viongozi wa Wizara ya Mifugo na Uvuvi wamekuwa wakitaja wastani wa kilo 15 hivi za nyama kwa Mtanzania mmoja kwa mwaka. Siku nyama inapopatikana, basi, ni siku ya kununua kwa akili.

Akili ya kwanza ni kukataa steki. Steki haina mfupa, haina mafuta, bei yake iko juu, na ukiichemsha muda mrefu inakauka ikawa nyuzi. Omba muundi, shingo, kidari au mkono. Kwa mbuzi omba mguu mzima wa nyuma, kuanzia nyonga. Mwambie mchinjaji asiutie shoka. Bodi ya Nyama Tanzania imekuwa ikihimiza mabucha yaachane na magogo na mashoka na kutumia misumeno, na aliyewahi kung'ata kijiti cha mfupa katikati ya tonge la ugali anajua sababu. Mimi naongeza sababu ya pili: kila pigo la shoka linafungua uso mpya wa nyama kwa nzi, vumbi na mikono. Kipande kizima kina uso mdogo, na ndani yake bado ni safi. Angalia pia muhuri wa mkaguzi. Pasipo muhuri, usinunue.

Akili ya pili inahusu muda. Nyama ya mguu na shingo imejaa nyuzi zinazoshikanisha misuli, na kiini cha nyuzi hizo ni protini iitwayo kolajeni. Nyama ikianza kupata moto misuli hujikaza na kutoa maji, na ndiyo maana robo kilo iliyochemka nusu saa ni ngumu kuliko ilivyokuwa mbichi. Kolajeni hulainika na kugeuka jelatini pale tu nyama inapokaa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 70 na kuendelea. Moto mkali hausaidii. Na huku kwetu kuna jambo jingine: kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi kutoka usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 95 au 96 badala ya 100. Ndiyo sababu mgeni kutoka pwani hushangaa maharage yake yakikataa kuiva kwa muda aliouzoea. Nyama vilevile. Kwa ng'ombe hesabu saa tatu, kwa mbuzi saa mbili na ushee. Mwenye sufuria ya presha atapunguza muda huo kwa zaidi ya nusu.

Hapo ndipo hoja ya mkaa inapoingia. Moto wa kuivisha robo kilo mpaka ilainike kweli ni karibu uleule wa kuivisha kilo mbili na nusu. Anayepika robo kila mara ama anachoma mkaa mwingi, ama anakula nyama ngumu. Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwezi Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Mpaka siku hiyo itakapofika Nyakitonto, kupika mara moja kwa siku kadhaa ni njia ya kuupumzisha msitu ambayo haimgharimu mtu kitu.

Sasa upishi wenyewe. Paka nyama chumvi, kijiko cha chakula cha wastani kwa kila kilo, ikae wakati unawasha jiko. Kwenye sufuria nzito tia mafuta kidogo, kaanga kipande pande zote mpaka kiwe cha kahawia. Usiharakishe hatua hii, maana ladha ya mchuzi wa siku zote zinazofuata inatoka hapa. Kisha tia maji yafike nusu ya kipande, kitunguu maji kilichokatwa nusu, tangawizi na kitunguu saumu. Funika. Punguza makaa mpaka maji yatokote polepole bila kuruka. Geuza katikati ya safari. Nusu saa ya mwisho palia makaa machache juu ya mfuniko, kama wapishi wa pwani wanavyofanya na wali wao, ili juu nako kuive. Nyama iko tayari mfupa unapozunguka ndani yake bila kulazimishwa.

Usitie nyanya. Usitie bizari, wala mawese, wala nazi. Najua mkono wa mpishi unawasha kutia kitu, lakini siri ya kiporo kizuri iko hapa hapa. Kipande kilichopikwa kwa chumvi, kitunguu na tangawizi tu kinaweza kwenda popote kesho: kwenye maharage, kwenye sombe ya majani ya muhogo, kwenye pilau, ndani ya chapati. Kikishatiwa nyanya na bizari leo, kesho ni rosti, keshokutwa ni rosti, na siku ya tatu mtu anakimwagia mbwa akisema amekinai. Amekinai nyanya na bizari, nyama ameionea.

Amerika aliishi mhariri wa vitabu aitwaye Judith Jones, yule aliyeuokoa muswada wa shajara ya Anne Frank kutoka kwenye rundo la vilivyokataliwa na kuufikisha kwa wasomaji wa Kiingereza. Mumewe alifariki mwaka 1996, akajikuta anapika kwa ajili yake tu, na mwaka 2009 akatoa kitabu kizima kuhusu raha ya kupika kwa mtu mmoja, The Pleasures of Cooking for One. Alikuwa na umri wa miaka 85. Alinunua kipande kinachozidi mlo mmoja makusudi, akipanga toka mwanzo mlo wa pili na wa tatu. Namtaja kwa sababu jikoni mwake New York kulikuwa na jokofu, na kila kitu katika mtindo huu kinategemea swali la nini kinafanyika saa mbili baada ya kuepua.

Nitakaa hapa kwa muda, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapoumia. Desturi yetu ni kuacha sufuria ya nyama juu ya jiko linalozimika, imefunikwa, mpaka asubuhi, halafu kuichemsha tena. Tumekua nayo, na wengi wetu hatukuugua, kwa sababu sufuria ya familia kwa kawaida haifiki asubuhi. Sufuria ya mtu mmoja inafika. Yupo bakteria aitwaye Clostridium perfringens anayeishi kwenye udongo na kwenye matumbo ya wanyama. Ukichemsha nyama, yeye hujifungia ndani ya spora na kustahimili. Nyama kubwa ndani ya mchuzi mwingi hupoa taratibu mno, na inapopita kwenye nyuzi 50 kushuka kuelekea 20, spora zinaamka. Kwenye nyuzi arobaini na kitu bakteria huyo anaweza kuongezeka maradufu kila dakika kumi hivi. Hapo zidisha mwenyewe mpaka alfajiri. Anayekula nyama hiyo kabla haijachemshwa tena sawasawa husokotwa na tumbo na kuhara ndani ya saa 6 hadi 24, na mara nyingi husingizia maji ya kunywa.

Kuchemsha vizuri asubuhi kunamuua huyo. Hakumalizi kila hatari, kwa kuwa yupo mwingine, Staphylococcus aureus, anayetoka puani na kwenye vidonda vya mikono yetu, naye akishatengeneza sumu yake ndani ya chakula kilicholala, sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, kiwekwe chini ya nyuzi 5 au kidumu juu ya nyuzi 60, na kinapopashwa kifike nyuzi 70 mpaka katikati. Usiku wa Kasulu una ubaridi wa kutosha mtu kujifunika blanketi, lakini haukaribii nyuzi 5. Hotipoti nayo inadanganya: saa chache za mwanzo inatunza joto la salama, baadaye inatunza joto lile lile ambalo bakteria wanalitaka. Ni chombo cha kupelekea chakula shambani au msibani. Kulaza nyama ndani yake ni kosa.

Basi, nyama ikiiva, usiiache ipoe ikiwa nzima. Kula mlo wako wa kwanza, kisha osha mikono upya, itoe iliyobaki kwenye mfupa ingali na moto unaovumilika, igawe vipande vya ukubwa wa kiganja, itandaze kwenye sinia safi chini ya kawa. Mchuzi uchuje kwenye sufuria pana, uiketishe sufuria ndani ya beseni la maji baridi, ukoroge, ubadilishe maji yakipata moto. Ndani ya saa moja na nusu vyote vimepoa. Mwenye jokofu aweke kwenye vyombo vifupi vyenye mifuniko, kila chombo mlo mmoja, ili asifungue chote kila siku. Humo nyama inakaa siku tatu hadi nne. Ya zaidi ya hapo igandishwe siku hiyo hiyo. Kasulu na Kibondo ziliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli, na jokofu dogo sasa ni kifaa ambacho mwalimu anaweza kukifikiria bila kuonekana mwotaji.

Asiye na jokofu asikate tamaa, ila achukue njia nyingine, na nitaifikia.

Kwanza hesabu, kwa kuwa kuna jambo watu wanaliruka. Kilo mbili na nusu pamoja na mfupa, zikishaiva, zinabaki kama kilo moja na gramu mia nne za nyama tupu. Kwa gramu 150 kila mlo hiyo ni milo tisa. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani unashauri nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, ikipimwa baada ya kupikwa. Maana yake kipande chako ni cha wiki karibu tatu, na hakuna sababu ya kukimaliza kwa siku nne kwa hofu ya kuharibika. Weka milo mitatu ya karibuni. Mingine igandishe, ikaushe, au mpelekee jirani. Hili la jirani silisemi kwa ajili ya kupamba maneno. Mtumishi mgeni asiye na ndugu kijijini akituma bakuli la supu kwa mama wa nyumba ya pili, bakuli halirudi tupu. Linarudi na ndizi, au maharage mabichi, au linarudi na mtoto wa kumchotea maji siku akiugua. Waislamu wa Ujiji na kwingineko wana utaratibu wao siku ya Idi ya kuchinja: fungu la nyumbani, fungu la jamaa na majirani, fungu la wahitaji. Anayeishi peke yake anaweza kuutumia mwezi wowote.

Na sasa viporo. Mlo wa pili, mchuzi ukiwa umelala kwenye baridi, utaukuta umeganda, mafuta yakiwa juu. Hiyo ni jelatini, na ndiyo malipo ya zile saa tatu. Chota vijiko viwili vya mafuta hayo, kaanga kitunguu, tia ndizi mbichi zilizomenywa, mimina mchuzi, ziive, kisha nyama mwishoni kabisa ipate moto mpaka itoe mvuke. Nyama iliyokwisha kuiva haihitaji kuchemshwa tena nusu saa. Inahitaji kuchambuliwa vipande vidogo ili joto lifike katikati haraka. Pasha kile tu utakachokula. Kilichopashwa mara moja kisirudi tena kwenye akiba.

Mlo wa tatu naupenda kuliko yote: maharage. Yaloweke usiku, mwaga maji, yachemshe na ule mfupa uliobaki, ambao uliulaza penye baridi pamoja na nyama. Watu hutupa mfupa ukiwa bado na kazi. Maharage yakikaribia kuiva tia kikombe cha mchuzi na konzi moja ya nyama iliyochambuliwa. Nyama ni kidogo sana humo, lakini sufuria nzima inanukia nyama, na ugali wa muhogo unapata kitu cha kuzamia. Kwa mtu mmoja konzi hiyo moja inatosha.

Sombe inataka uangalifu zaidi. Majani ya muhogo yatwangwe kweli kwenye kinu na kuchemshwa muda mrefu bila mfuniko, kwa sababu mabichi yana sumu ya sayanidi inayotoka kwa kutwangwa na kwa mvuke. Yakishalainika ndipo mawese yanaingia, chumvi kidogo, na nyama. Wakongo wa Nyarugusu hutia samaki mkavu. Paja la jana linaifanya kazi hiyo vizuri. Siku ya haraka, chambua nyama ikaange kavu kwenye mafuta yake na kitunguu na pilipili hoho, ifungie ndani ya chapati, nenda darasani.

Asiye na jokofu nimemwahidi njia. Kama umenunua mzoga wa mbuzi kwa kuchangiana na wenzako, ukapata fungu lenye kila kitu, ini na utumbo viliwe siku hiyo. Nyama nono ipikwe. Nyama konda iachwe mbichi na kukaushwa, na kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kipindi chake hapa nyandani. Chumvi haijawahi kuwa tatizo mkoani Kigoma: chemchemi za Uvinza, kusini mwa Kasulu, zimechemshwa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, kama uchimbaji wa mwanaakiolojia John Sutton wa mwaka 1967 ulivyoonyesha, na misafara ya karne ya 19 iliinunua njiani. Kata nyama vipande virefu, vyembamba kuliko kidole, ukifuata mkondo wa nyuzi zake. Ipake chumvi mara mbili ya ile ya kupikia, itundike juani penye upepo chini ya chandarua, usiku iingie ndani, juu ya moshi wa jikoni.

Ile iliyopikwa ina njia ya Wasomali na Waborana wa kaskazini mwa Kenya, nyirinyiri. Wao huanza na nyama mbichi ya ngamia au ng'ombe, huikata vipande vidogo, huikausha kidogo, huikaanga mpaka maji yote yaishe, na kuihifadhi ndani ya samli au mafuta yake. Kipimo ni sauti: mafuta yakiacha kutoa mapovu na mlio, maji yamekwisha. Kiporo cha paja kikichambuliwa usiku uleule wa kupikwa na kukaangwa hivyo, kikafunikwa kwa samli kwenye chombo kikavu, kitakuvusha siku kadhaa, mradi kijiko kinachoingia humo kiwe kikavu kila mara. Kikibadilika harufu, kitupe bila kukionja.

Nyama ya juani imekauka pale inapokunjika na kupasuka bila kutoa unyevu. Itunze kwenye chungu kilichofungwa kwa kitambaa, uikague kila wiki, na ikirudisha unyevu irudi juani. Mvua zikianza Oktoba itakuwa tayari kwa kazi. Iloweke saa kadhaa, mwaga maji ya kwanza kwa ajili ya chumvi, na tofauti na paja la jana, hii itie kwenye maharage tangu mwanzo, yaive pamoja.